Ndege Niliyoiombea

Vikombe vilianza kutetemeka kabatini kabla sisi hatujaisikia ndege. Halafu ikaja, ikapita juu ya bati letu, na sala yangu ikakatika katikati kama kila asubuhi. Nikangoja, nikaanza upya. Mungu si kiziwi, ila mimi nilikuwa sijisikii mwenyewe.

Ajabu ni kwamba wiki ile nilikuwa naiombea ndege hiyohiyo. Majirani walikuwa wamelalamika, barua ikaja: Alhamisi atafika mpimaji wa kelele, na zikizidi kipimo, uwanja wa ndege utafungwa. Fundi wa uwanja ule ni mkwe wangu. Ungefungwa, angemchukua binti yangu na wajukuu waende mbali kutafuta kazi, nami ningebaki na kuta. Kuta nilishakaa nazo mwaka niliomzika mume wangu. Nazijua.

Mkwe alihangaika. Pangaboi, lile feni la puani mwa ndege, alilitoa la mapanga mawili akafunga la manne mafupi. Bomba la moshi akalitia sailensa. Kelele zikapungua, lakini si za kutosha. Akawa anakula kichwa chini, chuma kimemshinda.

Mimi darasa la saba ndiyo mwisho wangu, lakini macho ninayo. Kila nilipoanika nguo niliona jambo moja: ndege inanguruma juu ya nyumba zetu zote, kisha ikifika shuleni, sauti inashuka ghafla. Kila siku, palepale.

"Baba," nilimwambia mkwe jioni moja akila, "pale shuleni rubani anafanya nini?"

"Anavuta mpini, mama. Pangaboi linapunguza mwendo."

"Na kule kisimani, kabla hajafika kwetu, anakuwa ameshapanda vya kutosha?"

"Ameshapanda."

"Sasa anangoja nini?"

Mkwe akaacha kutafuna.

Kumwambia rubani avutie kisimani ndiyo ilikuwa kazi. Miaka imepita, lakini maringo yake bado nayaona, miwani imepandishwa utosini. "Mama, kwani mimi nakufundisha kufua?"

"Nifundishe tu, mwanangu. Kufua kwangu hakujawahi kumwamsha mtoto wa mtu."

Mkwe akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Rubani alinitazama, mwisho akacheka na yeye. "Ni mazoea tu," akasema. "Miaka kumi na moja navutia pale."

Alhamisi, mpimaji alisimamisha chombo chake uani kwangu, kwenye miguu mitatu. Binti yangu alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Ndege ikaondoka. Ilipofika kisimani sauti ikalainika, ikatupita juu kama cherehani ya chumba cha pili. Mpimaji akaandika, akatazama juu, akaandika tena.

"Iko chini ya kipimo," akasema.

Nilimshukuru Mungu, kisha nikamshukuru mpimaji. Binti yangu aliingia ndani kuwasha jiko, na baada ya kitambo nikamsikia anaimba. Mwezi mzima alikuwa hajaimba. Nikakaa kizingitini nimsikilize. Ndege ilikuwa bado iko juu, inazunguka kurudi.