Mpunga Mrefu wa Ongeri

Ijumaa saa nane mchana, Ongeri alishuka bondeni akagusa shuke moja la mpunga kwa kidole. Punje zikamwagika matopeni kana kwamba zilikuwa zikimngoja yeye tu.

"Tumekwisha," akasema. Alikuwa peke yake, lakini aibu ilikuwa nyingi, akaona aigawe.

Maisha yake yote Ongeri alikuwa mtu wa chai na mahindi kama watu wengine wa Gesima. Na mpunga walijuana kwenye sahani tu. Mwaka jana mkewe, Drusilla, alimwazima kipande cha bonde alimokuwa akipanda nduma, ajaribu. Mavuno yakawa mazuri, na Ongeri akavimba kichwa. Akachagua mbegu jinsi babake alivyochagua mahindi: mmea mrefu kuliko wenzake, uliotangulia kukomaa. Alipata mirefu ajabu, yenye ndevu. Akaiita wafalme. Aliitaja hadi kanisani, katika ombi la shukrani, na mchungaji akaitikia amina.

Kumbe wafalme walikuwa mpunga mwitu. Gugu hilo hufanana na mpunga kama pacha, huwahi kukomaa, kisha hupukutisha punje kabla hujanoa kisu, nazo hulala udongoni miaka zikikungoja. Wakulima wengine huletewa gugu hili na mafuriko. Ongeri alilichagua kwa mikono yake, akalianika, akalichanganya na mbegu nzuri, akalilaza chini ya kitanda lisipate baridi.

Drusilla, aliyewashuku wafalme mapema, alikuwa ametoa hukumu fupi. "Dawa ya magugu hainyunyizwi hapa, Baba Marion. Maji haya yanateremkia kisimani. Na wafalme wako wakimwaga punje zao, narudisha nduma zangu."

Basi Ongeri akawakimbilia akina mama wa egesangio, majirani wanaolimiana kwa zamu, waliokuwa wakipalilia wimbi ng'ambo ya kijito. Kiongozi wao, Phanice, alijua kutenga wimbi na magugu yanayojifanya wimbi tangu utotoni. Alisimama ukingoni, akatazama, akacheka hadi akashika magoti.

"Mzee Ongeri, hawa ndio wale wa amina?"

"Ndio wao."

"Ulichagua mwenyewe?"

"Mmoja mmoja. Na miwani nilikuwa nimevaa."

Wakaingia. Kilichoota nje ya mstari kiling'olewa bila kesi. Ndani ya mstari, kila kirefu chenye ndevu kilivishwa mfuko wa unga kichwani, shuke likakatiwa humo humo, ndipo shina likang'olewa.

"Polepole, kama unamvua mtoto fulana akiwa usingizini!" Phanice alimfokea Ongeri, ambaye tayari alikuwa amewamwaga wafalme wawili.

Jua likashuka. Ongeri ni Msabato; likizama, jembe linalala hadi Jumapili. Wenzake Phanice, Wasabato pia, wakanawa miguu wakaondoka. Ilibaki mistari minne, na mawingu yalikuwa meusi. Mvua moja tu ingezipukutisha punje zote.

"Phanice," Ongeri akaanza, "wewe ni Mkatoliki."

"Tangu ubatizo."

"Sikuombi ufanye kazi Sabato. Hata kumtuma mtu nimekatazwa."

"Hujanituma."

"Nasema tu mistari iliyobaki ni minne. Na mfuko nimeusahau pale kwenye jiwe."

"Mzee, enda ukaoge."

Jumamosi mvua ilianza katikati ya mahubiri, ikapiga mabati mpaka mchungaji akanyamaza. Ongeri aliombea mistari minne kwa bidii ambayo hakuwahi kuwaombea shemeji zake.

Jumapili asubuhi aliteremka bondeni, Drusilla nyuma yake na jembe na kikapu cha miche ya nduma. Mistari minne ilikuwa safi. Mpunga mfupi ulisimama umelowa, umeinamisha vichwa. Mwishoni ulibaki mmea mmoja mrefu, umevishwa mfuko wa unga kichwani, umefungwa shingoni kwa kamba ya mgomba.

Drusilla akaweka kikapu chini.

"Umeachiwa mfalme wako, Baba Marion. Mng'oe. Taratibu."

Akamng'oa. Hakuna punje iliyodondoka.

"Bonde kaa nalo," Drusilla akasema. "Lakini mbegu nitachagua mimi. Na msimu ujao tunalowesha shamba kwanza, punje zilizoanguka ziote zote, tuyafukie magugu hayo, ndipo tupande."

"Na mimi kazi yangu?"

"Wewe utamshukuru Phanice. Kanisani kwao, kwa sauti ile ile uliyowasifia hawa kwetu. Misa ni saa nne."

Ongeri akayatazama matope yaliyomfika magotini.

"Basi niende nikaoge," akasema.