NA Kabla ya AU

Fundi aliyekuwa akitunza lugha moja ya kompyuta ya kuulizia hifadhidata alitaka kurekebisha jambo moja tu. Lugha yake ilisoma NA na AU kwa zamu, kuanzia kushoto, ilhali lugha nyingine alizozijua huunganisha NA kwanza. Watumiaji wapya walikosea kila siku, na malalamiko yao yalimchosha. Akageuza utaratibu, kisha akampelekea wifi yake, daktari wa mifugo, aujaribu kabla ya wengine.

Simu ililia kabla hajamaliza chai.

"Wifi, una ugomvi gani na mimi? Mashine yako inataka nichanje ng'ombe wote upya!"

"Uliandikaje?"

"Ng'ombe AU mbuzi NA hajachanjwa. Miaka minne sijaligusa swali hilo."

Fundi akafumba macho. Jana hayo yalimaanisha ng'ombe na mbuzi wasiochanjwa. Leo yalimaanisha ng'ombe wote, pamoja na mbuzi wasiochanjwa. Wifi hakukosea popote. Aliandika alivyozoea kusomwa. Na wale mamia ya watumiaji asiowajua hata kwa sura, je?

Siku ileile alirudisha utaratibu wa zamani. Kwa wiki tatu akaandika programu ndogo ya kupitia maswali ya kila mtu na kutia mabano pale mashine ilipokuwa ikiyaweka kimyakimya. Swali lenye mabano lingesomwa vilevile, zamani na sasa. Ndipo akauzindua utaratibu mpya kwa wote.

Hakuna aliyelalamika. Ila wifi alikuja ofisini, viatu vya mpira miguuni, kompyuta kwapani.

"Haya nayo umeyatia wewe?" Akamwonyesha: (ana mimba AU mgonjwa) NA chini ya miaka mitatu.

"Ndivyo lilivyokuwa likisomwa."

"Mimi nilitaka wenye mimba wote." Akakaa taratibu. "Kumbe wakubwa hawakuingia kwenye orodha. Na mimi nawagombeza wafugaji kwamba hawaniambii ng'ombe wao wana mimba!"

"Basi nimekulindia hata kosa lako, wifi. Sikuweza kujua ulichotaka. Nilijua tu ulichokuwa ukipata."

"Afadhali nimeliona."

Aliyahamisha mabano kwa kidole kimoja, akahakikisha mara mbili. Orodha ikarefuka. Alisoma majina ya wafugaji mpaka chini, kisha akatoa simu.

"Shikamoo, mzee. Ni daktari. Yule ng'ombe wako mkubwa mwenye mimba... Hapana, leo sigombi. Nimepiga kukuomba radhi."