Trekta Juu ya Vitunguu

Mimi niliomba pampu. Hilo lieleweke mapema, maana mume wangu akisimulia huanzia kwenye trekta, kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni.

Pampu ya kisima chetu ilikufa vitunguu vikiwa vimebakiza wiki tatu vivunwe. Siku tano bila maji, kwisha habari yetu, mwaka mzima tungekula hewa. Nikaenda benki. Afisa mikopo, kijana aliyekabwa na tai, aliposikia mimi ni mkulima nusura anikumbatie. Akanieleza kwamba serikali imeziamuru benki zipeleke fungu maalumu la mikopo kwa wakulima kila mwaka, na tawi lake liko nyuma, na siku ya mwisho ya kulitimiza ni keshokutwa. Ila pampu ni kitu kidogo mno, haizibi pengo. Pengo lilikuwa sawasawa na bei ya trekta moja.

Nikamwambia shamba lenyewe ukipiga chafya huku, jirani wa kule anakutakia afya. Akasema fomu haiulizi ukubwa.

Jioni akatufuata nyumbani. Akamweleza mume wangu kuwa trekta tutalikodisha, na hela ya kwanza tu itanunua pampu. Mume wangu, ambaye hata baiskeli inamshinda, akatia sahihi. Nilikasirika mpaka nikawa nagombana na sufuria.

Kesho yake trekta likaletwa. Tulibomoa ukuta wa bafu ndipo likapita. Majirani walikuja kulishangaa, lakini wa kulikodi nani? Mashamba yao ni kama letu, likiingia halina pa kugeukia. Barabarani, askari wa manispaa akakataza tusiliegeshe. Basi likawekwa mahali pekee palipobaki, na nusu ya vitunguu vyangu vikalala chini ya magurudumu. Nusu nyingine nikaimwagilia kwa ndoo, maji ya kuomba mtaa wa pili, mpaka mgongo ukagoma.

Siku ya nne yule kijana akarudi na mpiga picha na barua ya pongezi. Mume wangu akapanda juu ya trekta, akatabasamu. Mimi nikamvuta kijana pembeni. Nililia, sioni aibu kusema. Nikamwonyesha ile nusu iliyobaki, nikamwambia anipe pampu leo, bado inaokoleka.

Aliiangalia kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama, ningekupa sasa hivi," akasema. "Ila wakulima wameshatosha mpaka mwakani."