Kidude cha Muziki na Simu ya Wifi

Fundi cherehani alikuwa amelivumilia mengi lile gari, lakini asubuhi hiyo lilimpandisha presha kabla hata hajatoka getini. Lilikuwa gari la zamani, la redio na kaseti tu, na kaseti yenyewe ilishagoma siku nyingi. Mumewe, ili kumfurahisha, alimnunulia kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara.

"Kinachukua muziki kwenye simu, kinaurusha kwenye redio," alimwambia. "Unatafuta masafa matupu tu, basi."

Basi! Mbona mume mwenyewe alikwenda kazini kwa basi?

Pembeni yake alikaa mama mkwe, mguu mmoja ameunyoosha, fimbo mapajani. Alikuwa ameishi kwao wiki tatu tangu ateguke goti, na leo alikuwa anapelekwa kwa daktari kuangaliwa mara ya mwisho.

"Mwanangu, na wimbo wangu?"

"Unakuja, mama."

Ukaja, kweli. Mistari miwili, kisha mtangazaji akaingia kati na tangazo la dawa ya kunguni. Fundi akahamisha masafa. Wimbo ukarudi, wakavuka daraja, mara mtu akaanza kusoma matokeo ya mpira. Akahamisha tena. Sasa ukatoka mkwaruzo mtupu, kama mtu anakwangua sufuria iliyoungua.

"Huyu mwimbaji ana mafua?" aliuliza mama mkwe.

"Ni kidude, mama."

"Kizabe kofi."

Alikizaba. Muziki ukatulia, safi kabisa, na mama mkwe akaanza kutikisa mabega. Wakaenda hivyo mpaka kwenye foleni ya sokoni. Hapo wimbo ukakatika, simu ikalia ndani ya spika zote nne, na kabla Fundi hajagusa chochote, kidude kikapokea chenyewe.

"Wifi!" Sauti ya dada wa mumewe ikajaa gari zima. "Unaendesha? Nisikilize tu. Tumeshakubaliana huku, mama abaki kwako moja kwa moja. Nyumba yake tumeipatia mpangaji, anaingia mwisho wa mwezi. Usimwambie kwanza, si unaujua mdomo wake."

Fundi alibonyeza hiki, akazungusha kile. Sauti ikazidi kupanda. Madirisha yalikuwa wazi. Mwenye pikipiki aliyesimama ubavuni aligeuka kuwatazama. Fundi aliona aibu, na chini ya aibu ilikuwapo hasira. Wiki tatu analala kwenye kochi, cherehani imesukumiwa koridoni, wateja wananuna, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Wewe unaonaje?"

"Wifi, upo?"

"Yupo," alijibu mama mkwe, akikiinamia kidude. "Na mimi nipo, na mdomo wangu."

"Mama... shikamoo."

"Kaa nayo. Mimi ni kabati, mnanihamisha bila kuniuliza? Huyo mpangaji mwambie atafute kwingine. Nyumba ile niliijenga mimi."

Simu ikakatwa. Mama mkwe akamgeukia Fundi. "Na wewe ulijua?"

"Haki ya Mungu, mama, nimesikia sasa hivi pamoja na wewe."

Mama alimkazia macho. "Nakuamini. Ungejua, ungeizima simu tangu nyumbani."

Fundi alikichomoa kidude, akakitupa kiti cha nyuma.

Daktari alisema goti limepona, ila fimbo isiachwe kwa mwezi mmoja. Walipotoka, Fundi aliwasha gari akauliza, "Twende wapi, mama?"

"Kwangu."

Walipofika, mlangoni palikuwa na kufuli jipya, kubwa, linang'aa. Mama mkwe alijaribu funguo zake zote, moja baada ya nyingine, akimtaja binti yake kwa majina ambayo Fundi hakuwahi kuyasikia. Mwishowe aliketi kwenye ngazi.

"Mpigie mume wako. Aje na nyundo."

Fundi alipiga. Mumewe alisikiliza, akakohoa. "Unajua, dada aliniambia tusubiri kwanza mpaka..."

"Kumbe ulijua!"

Fundi alitaka kupiga kelele, lakini mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono kuiomba simu, na uso wake ulionyesha kuwa ana mengi ya kusema. Fundi akampa, akaketi kando yake kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumzisha mabega.

"Mwanangu," mama mkwe alianza taratibu, "umekaa au umesimama?"