Mtaa Ambao Pohlmann Hakuutaka

Kijiko kilianguka sakafuni. Nilikisikia kwenye simu. Kisha pumzi nzito. Kisha kimya.

"Bi Kaschube! Usilale, mama. Nakuja."

"Themanini na nane..." alisema, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Namba nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mtaa. Orodha yangu ya wagonjwa wa kuhudumiwa nyumbani ilionyesha Mtaa wa Hedwig Brandis, jina lenye umri wa siku nne. Ramani ya simu haikulijua, na kwenye kona nguzo ilisimama tupu. Kibao kilikuwa kimeng'olewa. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Mama yule, ambaye sikuwahi kufika kwake, alikuwa amejidunga insulini akinisubiri nimwandalie kifungua kinywa, na sukari yake ilikuwa inashuka. Ningekata simu niite gari la wagonjwa, ningewaambia waje wapi?

Mzee mmoja alikuwa akimvuta mbwa wake karibu na nguzo.

"Samahani, bwana. Mtaa wa Hedwig Brandis uko wapi?"

"Haupo."

"Nimeambiwa uko nyuma ya kanisa."

"Basi kamuulize aliyekuambia. Mnafika juzi, leo mnatupangia majina!"

Damu ilinichemka. Niliacha mji wangu wa Homs chini ya mabomu. Sikuja Berlin kubishana na mtu kwa ajili ya kibao.

"Mimi sijabadilisha jina la mtaa wa mtu. Nimekuja kumlisha mgonjwa. Sikiliza!"

Nikaongeza sauti ya simu, nikamsogezea sikioni. Ile pumzi ikatoka, fupi fupi, na mluzi mdogo mwishoni.

Uso wake ukabadilika. "Irmgard?"

"Pohlmann..." simu ikajibu kwa shida. "Mlango..."

"Mungu wangu. Ufunguo wake ninao mimi. Twende!"

Tukaingia kwenye njia niliyokuwa nimeipita mara tatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa namba nne, nikatimua mbio kuelekea mwisho wa mtaa.

"Unakwenda wapi, punguani wewe? Ng'ambo! Ng'ambo!"

Nilijua kwamba katika mitaa mingi hapa namba hupanda upande mmoja hadi mwisho, kisha huendelea kupanda zikirudi upande wa pili. Hofu ilikuwa imenisahaulisha. Themanini na nane ilitazamana na namba nne.

Bi Kaschube alikuwa ameegemea kabati la jikoni, jasho tele, macho nusu wazi. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha juisi ya tufaha, kidogo kidogo, nikihakikisha anameza. Pohlmann alimshika mkono. Dakika kumi zilipita kabla mama hajanitazama kama mtu anayeona.

"Umechelewa, kijana."

"Nimechelewa, mama."

"Na kesho? Utanipata?"

Pohlmann aliinamisha macho. Mimi nilimtazama yeye kwanza, kisha mama.

"Kesho saa mbili kamili nitagonga mlango huu, Bi Kaschube. Hata usiku wa leo wakiupa mtaa huu jina la mbwa wa Pohlmann, nitagonga."