Mashine ya Kamera Nane

Mimi ni mtu wa wivu, na nalisema mapema asije mtu akadai nimeficha. Mke wangu akimsifu muuza samaki kwa kumkatia samaki vizuri, chakula cha siku hiyo hakinipiti kooni. Sasa mtu wa namna hii umtume akanunue kamera za ulinzi, na duka lenyewe liwe la Tư Khoa, unategemea nini?

Kwetu Cái Răng watu tunaitwa kwa namba ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza ni Hai, yaani mbili, kwa sababu moja hatuitumii, na hesabu inaendelea kutoka hapo. Mimi ni wa saba, kwa hiyo naitwa Tám, nane. Mke wangu jina lake Diệp, lakini tangu nimwoe kitongoji kizima kinamwita dada Tám, kwa namba yangu mimi. Ni Tư Khoa peke yake ambaye mpaka leo anamwita Diệp, kavukavu, kana kwamba harusi yetu hakuisikia.

Miaka kumi na minne iliyopita mama yake Tư alipeleka sinia la posa, tambuu na popoo, kwa kina Diệp, sinia likarudishwa. Wiki mbili baadaye likapelekwa la kwetu, likapokewa. Watu walinipongeza, nami nikacheka nao. Lakini tangu siku hiyo kuna jambo moja linanitafuna, nalo ni hili: labda Diệp anajuta. Labda kila anapopita mbele ya duka lile anajiuliza maisha yangekuwaje upande wa pili. Na Tư, ambaye angeoa nikapumua, hakuoa.

Mwezi mmoja kabla ya Tết, mwaka mpya wetu, wezi wakaingia uani kwangu wakabeba vyungu viwili vya mai, ile miti ya maua ya njano ambayo bila hiyo mwaka mpya haupendezi. Marehemu baba ndiye aliyeyapinda mashina yale kwa mikono yake. Nilikaa barazani nikalia mchana kweupe.

"Baba Nhi, tuweke kamera," Diệp akaniambia. Nhi ni binti yetu. "Twende kwa Tư."

"Wilaya nzima hakuna fundi mwingine?"

"Yupo. Ndiye aliyewafungia majirani. Mvua ya kwanza tu, kamera zote kimya."

Basi tukaenda. Tư alitupa vigoda na chai ya barafu, akanisalimu mimi kwa heshima zote, kaka Tám huku, kaka Tám kule, kisha akamwambia mke wangu, "Diệp, kaa karibu na feni." Nikasogeza kigoda changu katikati ya mke wangu na feni.

Akaweka mashine mbili za kurekodi juu ya meza ya duka, ndogo na kubwa. "Kamera ni macho tu," akasema. "Kumbukumbu yote inakaa humu. Hii ndogo inapokea kamera nne, hii kubwa nane."

"Ndogo inakumbuka siku ngapi?"

"Kumi na nne. Ikijaa inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake."

"Na hiyo kubwa?"

"Mwezi mzima. Na sauti, ukitaka."

"Nataka sauti."

Diệp akacheka. "Vyungu vya maua vitasema nini, baba Nhi?"

Nikamjibu kwamba wezi nao wana midomo. Tư akakuna kichwa. Akasema kwa nyumba yetu kamera nne zinatosha kabisa: getini, uani kwenye maua, kwenye gati la mfereji, na ile njia nyembamba ya kutokea jikoni.

"Njia ya jikoni kwangu umeijuaje?" nikamuuliza.

"Kaka Tám, kuna nyumba hapa isiyo na njia ya jikoni?"

Jibu lilikuwa zuri, na ndilo lililozidi kunikera. Mtu anayejibu upesi hivyo ameshajiandaa. Nikasema nataka kubwa. Nyumba ya Tám iwe na mashine ya nane, nikatania, na sikuona aliyecheka. Diệp akasema tutakwenda kufikiri kwanza, akanyanyuka, chai yake haijafika nusu.

Kesho yake nilikuwa uani napukutisha majani ya miti ya mai iliyobaki. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu ya mwandamo lazima uyachume yote, moja moja, ndipo maua yawahi Tết. Dirisha la chumba cha cherehani lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Cherehani ikanyamaza, nikamsikia Diệp akiongea kwenye simu, sauti ya chini.

"Tám hapana, sitaki. Kulala chumba kimoja na Tám siwezi, nimeshakwambia. Kelele, joto, na nafasi yote kwisha." Akasikiliza kidogo. "Mimi bốn tu, ndiyo ninayotaka. Njoo kesho saa tatu. Atakuwa kwenye karamu ya kumbukumbu ya marehemu mjomba wake. Asijue kwanza, nitamwambia mwenyewe."

Lugha yetu haitofautishi mtu na mashine. Tám ni nane ya kuhesabia vitu, na Tám ni mimi. Tena ninakoroma, nakiri, na wakati wa joto natoka jasho mpaka mkeka unaloa. Alichosema chote kilikuwa changu. Kuhusu bốn, najua kama mtoto wa darasa la kwanza anavyojua: nne ya vitu ni bốn, mtu wa namba nne ndiye Tư. Lakini nikajiambia mwanamke mwenye siri hawezi kutaja jina lenyewe dirisha likiwa wazi, atalipindisha kidogo. Nilipotazama mkono wangu, nilikuwa nimekwanyua tawi zima na machipukizi yake.

Jioni alinipakulia kipande cha samaki upande wa tumbo, ninaoupenda. Nikala nikimtazama. Akaniuliza kama ninaumwa, nikasema siumwi.

Kwenye karamu nilifukizia udi picha ya mjomba, nikakaa mezani, nikala vijiko viwili vya nyama iliyochemshwa na mayai kwenye maji ya nazi. Vikombe vya pombe ya mchele vilipoanza kuzunguka, nikasingizia tumbo. Binamu zangu wakanizomea kwamba Tám amezeeka, wakanifungia nyama kwenye jani la mgomba nimpelekee dada Tám. Nikapanda pikipiki na lile furushi likining'inia kwenye usukani, nikawa napanga maneno njia nzima.

Pikipiki ya Tư ilikuwa chini ya upenu wangu. Kwenye ngazi ya mlango kulikuwa na jozi mbili za ndara, zake na za mke wangu, zimekaa ubavu kwa ubavu. Nikaingia bila kuvua viatu. Tư alikuwa juu ya ngazi ya mianzi anapitisha waya darini, na Diệp ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Endeleeni," nikasema. "Mwenye kelele na joto amerudi."

Wakanitazama wote wawili.

"Baba Nhi, karamu imekwisha saa hizi?"

"Rudia mbele yangu uliyosema jana kwenye simu. Kwamba kulala chumba kimoja na Tám huwezi. Kwamba unataka nne. Mwenye nne si huyu hapa?"

Tư alikunja uso, akafikiri, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akabana bisibisi kwa meno ili asicheke. "Kaka Tám," akasema alipoweza, "ni mashine. Ile ya nane ina feni ndani, inanguruma na kutoa joto. Kabati lenye soketi liko chumbani kwenu. Diệp aliniambia hawezi kulala nayo."

Juu ya meza kulikuwa na boksi, limeandikwa nne. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi na kufungua furushi la nyama ili wote watatu wale. Mimi nilipata aibu, na wivu wangu ukipata aibu unazidi.

"Kama ni mashine tu, kwa nini aje wakati sipo?"

Diệp akaiachia ngazi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha. "Kwa sababu ungekuwapo ungetaka nane. Haya, tuko wote hapa, na fundi yupo. Nionyeshe nane zinakaa wapi."

"Getini," nikasema.

"Moja."

"Uani. Gatini. Njia ya jikoni."

"Nne. Ya tano?"

Sikutaka kujibu, lakini macho yangu yalishajibu. Aliyafuata mpaka mlango wa chumba cha cherehani. "Tano," akasema. "Ya sita?"

"Jikoni ndani. Moto, gesi, huwezi jua."

"Ya saba?"

"Pale unapopenda kukaa ukiongea na simu."

"Na ya nane, Tám?"

Miaka kumi na minne hajawahi kuniita kwa namba, kama wanavyoniita sokoni. Mlango wa chumbani kwetu ulikuwa wazi nyuma yake na kitanda kinaonekana. Tư aligeukia ukuta akawa anakaza skrubu ambayo nadhani ilikuwa imekaza tayari. Nilimwonea chuki kwa kucheka kwake, lakini kwa kugeuka kwake nilimchukia zaidi, maana alinionea huruma.

"Nne za mwizi," Diệp akasema, "na nne zangu mimi. Ndiyo maana nilimwita usipokuwapo. Sikutaka mtu mwingine asikie hesabu hii."

Zikafungwa nne. Mwishoni Tư aliwasha mashine, akauliza huku akitazama miguu yake, "Namba ya siri anaweka nani? Tarakimu sita. Atakayeijua ndiye atakayeweza kutazama."

"Mimi," Diệp akasema, akabonyeza akiwa ametupa mgongo sisi sote. "Mwizi akija, baba Nhi, niambie, nitakufungulia."

Aliniita tena baba Nhi, nikadhani yamekwisha. Siku tatu nilikuwa mtu mwema. Nilichuma majani, nilimsifia mapazia aliyoshona, sikuuliza simu ni ya nani. Lakini ndani yangu zile tarakimu sita zilikuwa zinanizunguka. Namba ambayo mke wangu anaijua kwa moyo, na mimi siijui. Ni tarehe gani, ya nani?

Siku ya nne akaenda sokoni kupeleka mapazia ya mteja. Pikipiki yake ilipopinda kona tu, nikavuta kigoda mbele ya mashine.

Nikaanza na namba ya simu ya Tư, tarakimu sita za mwisho, zile zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha duka. Ikakataa. Nikaweka tarehe mama yake alipopeleka sinia, maana tarehe hiyo ninaijua kuliko ya harusi yangu. Ikakataa. Nikaweka siku ya kuzaliwa ya Tư, ambayo ninaikumbuka kwa kuwa tulipimwa afya ya jeshi siku moja, tukisimama kwenye foleni na karatasi zenye tarehe zetu za kuzaliwa mkononi. Ikakataa. Nikaweka siku aliyofungua duka. Nikaweka namba ya pikipiki yake, na kwa kuwa ina tarakimu tano, nikaongeza sifuri mbele. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu, ikaandika kwamba imejifunga kwa nusu saa.

Simu yangu ikaita.

"Baba Nhi, uko nyumbani?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na nyuma yake nilisikia wauza mananasi wakinadi.

"Nipo."

"Toka nje sasa hivi. Simu imeniletea ujumbe, kuna mtu ndani anajaribu kuifungua mashine, mara tano. Usipambane naye, akiwa na kisu je? Acha abebe anachotaka, wewe toka tu."

Alikuwa anahofia maisha yangu. Nilitafuta uongo, nikakosa hata mmoja.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Ni mimi."

Wauza mananasi wakaendelea kunadi nyuma yake.

"Umejaribu namba gani?"

"Za Tư."

"Zote tano?"

"Zote."

"Siku yako ya kuzaliwa hukujaribu?"

"Hapana."

"Ilikuwa hiyo," akasema, akakata.

Nilikaa pale pale kwenye kigoda nusu saa nzima, nikiitazama taa ndogo ya kijani ya mashine. Ilipojifungua, nikaweka siku niliyozaliwa, taratibu, siku, mwezi, mwaka, nisije nikakosea. Ikakataa. Alikuwa ameshaibadilisha kwa simu yake, hukohuko sokoni.