Lami Haibebi Mtu

Glenda Pelletier alitoka kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee saa tisa alasiri, mgongo ukimuuma. Alishika gongo lake la hoki akaenda mtaani akiwa na neno moja tu moyoni: leo angewaaga wenzake.

Tangu mitambo ya kugandisha barafu iharibike uwanjani, wanawake sita wa timu yao walikuwa wakichezea barabarani, watatu kwa watatu.

"Wifi, tulidhani umejifua pamoja na mashuka," alisema Rosanne, dada wa mumewe, kutoka golini.

"Ilibaki kidogo."

Akaingia kucheza. Barafu ilikuwa na huruma. Ukisukuma mguu mmoja wenye kiatu cha kuteleza, ilikubeba hadi upate pumzi. Lami haibebi mtu. Kila hatua ilibidi aitoe mwenyewe, na mpira wa rangi ya chungwa, uliokakamaa kwa baridi, uliruka ovyo kama panzi. Ulipompita, miguu ikakumbuka mazoea ya miaka kumi na tisa: akaigeuza upande ili asimame ghafla kama barafuni, ambako viatu hurusha chembe za barafu. Viatu vikanasa. Akaanguka, suruali ikachanika gotini.

"Ulitaka kuturushia theluji?" Theresa wa upande wa pili alimcheka. "Ingojee, mama, inakuja Desemba."

"Gari!" mtu akaita.

Wakainua magoli, wakayasogeza kando. Glenda akakaa ukingoni mwa barabara. Gari likapita taratibu, yeye akitamani lisiishe kupita.

"Nimechoka, wifi," alisema. "Leo ndio mwisho wangu."

Rosanne alitazama goti lile linalotoka damu. "Tukibaki watano hatugawanyiki. Timu imekufa."

"Najua. Ndiyo maana sijalala vizuri wiki nzima."

Rosanne akainama, akaanza kufungua mikanda ya kinga zake za miguu. Barafuni hakuna aliyewahi kumtoa golini. Kuvaa tu kulimchukua nusu saa, na aliyekaa golini alikaa hadi mwisho. Hapa mikanda ilikuwa minne, juu ya suruali ya kawaida.

"Simama golini wewe," alisema. "Mimi nitakimbia."

"Wewe? Hata basi hulikimbilii."

"Basi linarudi."

Glenda akavaa. Kinga zilikuwa bado na joto la miguu ya mwenzake. Mchezo ukaanza tena, Rosanne akikimbia kama mtu aliyebeba ndoo mbili, na Theresa akampita mara tatu. Ya nne alipiga. Mpira ukamgonga Glenda kwenye kinga ukasimama. Hakuwa amesogea hata kidogo.

Walipomaliza, Rosanne alikuwa ameinama, mikono magotini, hawezi kusema. Glenda akamshika bega.

"Jumapili natoka kazini saa nane," alisema. "Mniachie goli."